Dakika Kumi Baada ya Hasara

*Mazungumzo na vijana wanaofanya biashara ya fedha za kigeni, dhahabu na hisa, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema siku ile.*

Shikamooni wazee wangu mliopo. Wadogo zangu, hamjambo. Najua Jumamosi ya Dar ina misiba, ina harusi, ina vikao vya harusi, kwa hiyo mtu aliyeamua kuja kukaa hapa kwenye joto hili kunisikiliza, namshukuru kwa dhati.

Nimeombwa nizungumzie tabia zetu tunapokuwa sokoni. Naomba niwapeleke Feri kwanza.

Aliyenilea ni mama mkubwa, dada yake mama yangu, kule Mbagala. Jioni alikuwa anakaanga samaki pale kituo cha Rangi Tatu, na alfajiri alikuwa anakwenda kuwanunua soko la samaki la Feri. Shule zikifungwa alikuwa ananichukua nikambebee ndoo. Kabla hatujatoka nyumbani, kukiwa bado giza, alikuwa anakaa kitandani anahesabu pesa na kuzifunga kwenye pindo za khanga, mafundo mawili. La kushoto mtaji wa samaki. La kulia nauli, mafuta ya kukaangia na matumizi ya nyumbani. Halafu ananiambia bei. Mimi, mtoto wa darasa la tano, ananiambia: "Leo ndoo ya vibua ikizidi elfu nane, tunaondoka."

Mliofika mnadani pale mnajua palivyo. Samaki wanamwagwa mezani, mnadi anapaza sauti, watu wanasukumana, bei inapanda kwa mia mbili, kwa mia tano, na kila anayeongeza anamtazama mwenzake kama wamegombana. Siku moja bei ilifika elfu nane na mia tano. Mia tano tu imezidi. Nikamvuta khanga nikamwambia, mama, ongeza. Hakunijibu. Alisogea pembeni akasubiri chombo kingine, kikaja na samaki wachache, bei ikawa mbaya zaidi. Tukarudi na ndoo tupu. Ndani ya daladala ndipo akaniambia: "Ile bei ya nyumbani niliitaja nikiwa na akili yangu. Pale mezani akili inakuwa ya mnadi."

Nimesoma uhasibu, nimefanya kazi ofisini miaka mingi, nikaja kuingia kwenye biashara hii ya mtandaoni mwaka 2018. Maneno yale nilikuwa nayo kichwani muda wote huo. Hayakunisaidia, kwa sababu maneno nilikuwa nayo, lakini khanga sikuwa nayo. Ndilo jambo nililokuja kulisema leo.

Sasa niwaambie lililonipata. Mwaka 2019 nilikuwa na dola 600 kwenye akaunti. Kwa bei ya dola ya wakati ule ni kama shilingi milioni moja na laki nne, na si pesa ya kuchezea kwa mtu wa mshahara. Ijumaa ya kwanza ya Juni, saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, Marekani walitoa takwimu zao za ajira. Nilikuwa ofisini, simu iko chini ya meza. Nikauza dhahabu, maana kwenye biashara hii unaweza kuuza usichonacho ukitegemea bei ishuke. Mshumaa, ile alama ya bei kwenye chati, ukapanda, nikapoteza dola 18. Masikio yakapata moto. Dakika tatu baadaye, bila kuangalia chochote, nikaingia tena kwa loti, yaani kiasi cha dhahabu, mara mbili ya ile ya mwanzo. Nikapata dola 41.

Nilitoka ofisini siku ile najiona mwanaume. Nilinunua kuku mzima njiani.

Ndugu zangu, zile dola 41 ndizo zilizoniharibu. Dola 18 hazikunifanya kitu. Ningepoteza mara ya pili siku ile, ningeumia, ningekaa chini, pengine ningejifunza. Lakini soko lililipa kosa langu, tena lililipa vizuri. Mkono wangu ukajifunza kitu ambacho kichwa changu kilikuwa hakijakubali: ukipigwa, ongeza mzigo, itarudi. Na kwa wiki saba zilizofuata ilirudi mara nyingi kuliko ilivyokataa.

Alhamisi ya Agosti 1, mwaka huohuo, Rais Trump akatangaza ushuru mpya kwa bidhaa za China. Huku kwetu ilikuwa saa mbili na nusu usiku, nimekaa nje barazani, umeme umekatika, mwanga pekee ni wa simu. Dhahabu ikaruka. Nikasema imepanda mno, lazima ishuke. Nikauza loti 0.05 kwenye dola 1,440 hivi kwa wakia, bila kikomo cha hasara, ile bei unayoiweka ili oda ijifunge yenyewe kabla hujaumia zaidi. Haikushuka. Jumatatu ilipofika 1,460 nikauza nyingine, safari hii 0.10. Mnaojua hesabu mmeshaiona. Loti 0.10 ni wakia kumi, kila dola moja dhahabu ikipanda mimi napoteza dola kumi, na ile ya kwanza inaongeza tano juu yake. Jumatano, Agosti 7, dhahabu ilipovuka 1,500, akaunti ilikuwa imeshaungua. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilikuwa nimeichelea hasara ya dola thelathini, nikalia dola mia sita na hamsini.

Nilichokigundua baadaye, nilipochapisha historia yangu yote ya miezi ile na kuipitia kwa kalamu kama ninavyopitia vitabu vya kampuni, ni hiki. Oda nilizoingia nikiwa nimetulia zilikuwa na faida ndogo. Si kubwa, lakini faida. Oda nilizoingia masikio yakiwa na moto, nyingi ndani ya dakika kumi baada ya hasara, zile peke yake, ndizo zilizokula faida yote na mtaji wote. Nilikuwa nahangaika na mbinu, nabadilisha chati, nanunua mafunzo, kumbe ugonjwa wangu ulikuwa una saa na mahali.

Nisiwadanganye kwamba haya ni ya watu wadogo wenye dola mia sita. Benki ya Barings ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1762. Mwaka 1992 kijana wao wa ofisi ya Singapore, Nick Leeson, alifungua akaunti ya makosa, namba 88888, akaanza kuficha humo hasara. Mwaka 1993 aliwahi kuirudisha hasara ya akaunti ile kwa kuongeza mzigo. Ilirudi kweli. Januari 17, 1995 tetemeko likapiga Kobe, soko la Japani likaanguka, naye akafanya alichozoea, akaongeza. Februari benki ikafa na hasara ya pauni milioni 827. Wanaosimulia habari hii hupenda kuanzia kwenye tetemeko. Mimi naona ianzie ile siku ya 1993 hasara iliporudi.

Kuna sababu ya mambo haya, na inafaa tuijue ili tuache kujitukana kwamba hatuna nidhamu. Tabia hujengeka kwa vitu vitatu vinavyofuatana: kichocheo, kitendo, malipo. Kichocheo kwangu ni namba nyekundu. Kitendo ni kidole kubonyeza. Malipo si pesa peke yake, ni ule moto wa masikioni kupoa. Hata kabla hujajua kama oda ya pili ina faida, kule kuingia tu tayari kunakutuliza. Ukirudia mara nyingi, ubongo unaacha kukuuliza ruhusa. Unaona kidole kimeshabonyeza, kama dereva anayefika nyumbani hakumbuki alipitaje mataa ya Tazara.

Na malipo yasiyotabirika ndiyo mabaya zaidi. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alifundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate punje. Njiwa anayepata punje mara moja moja, bila kujua ni donoa la ngapi litakalomlipa, hudonoa kwa kasi, na ukiacha kabisa kumpa punje bado ataendelea kudonoa muda mrefu. Soko linatulipa hivyohivyo. Ukimeza sumu ukaumwa kila mara, ungeacha. Lakini soko mara nyingine linakupa sumu, mara nyingine linakupa asali, kwa kosa lilelile. Kwa hiyo, nawaomba sana, msitumie faida kama mwalimu. Mwalimu huyu anampa alama za juu mwanafunzi aliyenakili.

Mtaniuliza, kwani kuingia sana kuna ubaya gani kama mtu anajua? Barber na Odean, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 2000 kazi waliyoifanya kwa kaya 66,465 zilizokuwa na akaunti za hisa kwa dalali mmoja, kati ya 1991 na 1996. Soko lilitoa asilimia 17.9 kwa mwaka. Kaya zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata asilimia 11.4. Si kwamba walichagua hisa mbovu sana. Gharama za kuingia na kutoka ndizo zilizowatafuna. Bandu bandu huisha gogo. Na Brazil, watafiti waliwafuata watu walioanza biashara ya kununua na kuuza ndani ya siku moja kwenye mikataba inayofuata kupanda na kushuka kwa soko la hisa. Katika waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza pesa.

Naitaja hiyo 97 makusudi, kwa sababu naona vijana humu ndani wanaoandika. Sikuja kuwaambia kwamba mkirekebisha tabia mtatajirika. Mbinu isiyo na faida haitapata faida kwa sababu una nidhamu. Lakini mwenye tabia mbaya hata hawezi kujua kama mbinu yake inafaa au haifai, maana matokeo yake yamechanganyika na hasira zake. Ukiwa na tabia nzuri, ukweli unaupata mapema na kwa bei rahisi, na kama ukweli ni kwamba uache, unaacha ukiwa bado na mtaji wa kufungua duka. Mimi naona hiyo peke yake ni faida kubwa.

Na ndugu zetu wa hisa msijione mko salama. Soko la Hisa la Dar es Salaam linafanya kazi tangu Aprili 1998, na siku hizi mtu ananunua kwa simu yake. Ugonjwa wa huko ni wa taratibu. Mzee mmoja jirani yangu alinunua hisa za NMB zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, shilingi 600 kila moja. Zilipopanda kidogo akaziuza haraka, faida isije ikapotea. Alikuwa na hisa nyingine zilizokuwa zinashuka. Hizo hakuziuza, anasubiri bei yake irudi. Miaka michache baadaye zile alizouza zilipita shilingi 2,000. Zile nyingine anazo hadi leo. Kinachopanda tunakivuna kibichi, kinachooza tunakimwagilia maji. Ni mkono uleule wa usiku wa Agosti, ila huu unakwenda polepole.

Sasa, kubadilika.

Kwanza niseme kisichosaidia. Kuapa hakusaidii. Niliapa mara nne mwaka ule, mara moja nikiwa msikitini. Kubandika karatasi ukutani imeandikwa NIDHAMU hakusaidii. Kiapo unakitoa ukiwa na akili yako, na kinatakiwa kifanye kazi ukiwa na akili ya mnadi. Mama mkubwa hakuwa na moyo wa chuma. Alikuwa na fundo. Ili aongeze mia tano ilibidi aweke ndoo chini, afungue fundo la nauli mbele za watu wanaomjua, mikono imelowa maji ya samaki. Dhambi yake ilikuwa na kazi nyingi. Yangu ilikuwa ya kidole gumba.

Kwa hiyo nilifanya dhambi yangu iwe na kazi. Niliondoa programu ya biashara kwenye simu. Yote. Nikawa naingia kwenye kompyuta tu, kwenye meza moja, chumba kimoja, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Kitandani hapana, kwenye daladala hapana, ofisini hapana. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe, unatoa simu, unatafuta alama ambayo haipo. Niliuona mkono wangu ukifanya hivyo nikaogopa kweli.

Pili, dalali wangu alikuwa ananikopesha mara 500 ya mtaji. Hii ni levereji, mnaijua. Ulaya walipoweka mipaka mwaka 2018, kwa jozi kubwa za sarafu waliweka mara 30, na kwa dhahabu mara 20. Kwa mara 500, ukiutumia mkopo wote, soko likisogea asilimia 0.2 tu dhidi yako, mtaji umekwisha. Niliomba ishushwe. Nikaweka kwamba oda moja isinipotezee zaidi ya asilimia moja ya salio, na kikomo cha hasara kinaandikwa kabla ya kuingia, si baada. Fanyeni hesabu hii kila siku: ukipoteza asilimia 10 unahitaji asilimia 11 kurudi ulipokuwa. Ukipoteza nusu unahitaji mia kwa mia.

Tatu, na hapa ndipo naomba mnisikilize kuliko pote. Tabia ya zamani haifutiki, unaizibia njia kwa kuweka nyingine pale pale ilipokuwa inapita. Ukijiambia "nisiingie tena," mkono unabaki mtupu, na mkono mtupu utatafuta kazi. Mtaalamu wa saikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mtu anayeandika mpango wake kwa "likitokea hili, nitafanya hili" hutekeleza zaidi kuliko anayesema "nitajitahidi." Wangu uliandikwa hivi: *Oda ikifunga kwa hasara, nitasimama, nitafunga kompyuta, nitakwenda kijiweni kunywa kahawa.*

Kijiwe kiko kama mita mia tatu kutoka kwangu. Mzee wa kahawa ana birika lake juu ya mkaa na bakuli la kashata. Kwenda, kukaa kwenye benchi, kusikiliza wanavyobishana habari za Simba na Yanga, vikombe viwili, kurudi. Dakika ishirini. Kahawa ile chungu ilichukua nafasi ya ile oda ya pili, maana masikio yanapoa vilevile. Mwenzangu mmoja yeye anaenda kutawadha, hata kama si wakati wa sala. Dada mmoja ninayemfahamu anaosha vyombo. Kitu chochote kinachohusisha miguu au maji, naona kinafaa. Kisichofaa ni kuhama kutoka kwenye chati kwenda kwenye kundi la signali, la watu wanaokuambia nunua au uza, kwa sababu huko utakuta mnadi mwingine.

Nne ni hili daftari. Limechakaa, mtanisamehe. Ni kaunta buku ya kawaida. Nisome ukurasa mmoja, wa Machi 2020: "Jumanne. Nilinunua dhahabu. Nilikuwa nimeandika mpango? Hapana. Nilikuwa nimetoka kupoteza? Ndiyo, dakika nne kabla. Faida dola 12." Na pembeni, angalieni, alama ya X kwa wino mwekundu, kubwa. Nimepata dola 12 na nimejipa X. Ukurasa wa pili: "Hasara dola 6. Mpango? Ndiyo. Nilikwenda kahawa? Ndiyo." Hapo kuna alama ya vema. Safu ya pesa iko mwisho kabisa wa ukurasa, na mwezi wa kwanza niliiziba kwa karatasi. Mwisho wa wiki nilikuwa nahesabu vema na X tu. Hii ndiyo njia pekee niliyoipata ya kumnyang'anya soko kazi ya ualimu.

Itachukua muda gani? Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 wakijenga tabia ndogo ndogo, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Wastani ulikuwa siku 66, lakini kuna waliokadiriwa siku 18 na kuna waliokadiriwa 254. Kwa hiyo anayewauzia siku 21 mwacheni aende zake. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu safari. Hili lilinitoa machozi nilipolisoma, kwa sababu mimi kila nilipoteleza nilikuwa najiambia basi, nimeshaharibu, niharibu vizuri. Mimi ilinichukua karibu miezi minane. Daftari hili lina X za Septemba, na kahawa nilikuwa nimeanza Februari.

Neno moja la mwisho, na nalisema kwa uchungu. Wapo humu wanaofanya biashara hii kwa ada ya mtoto, au kwa pesa ya kikoba, au mkopo wa simu. Mwenye pesa ya aina hiyo hakuna kahawa itakayomsaidia. Mkono utatetemeka tu, na una haki ya kutetemeka. Kama ni wewe, usiingie wiki ijayo. Toa kilichobaki, kirudishe kilikotoka, uje uanze kwa mtaji ambao hauna kazi nyingine, hata kama ni elfu hamsini na hata kama ni mwakani. Pesa ya ada ina fundo lake.

Sasa naomba kila mmoja atoe simu. Fungua historia ya oda zako za mwezi uliopita. Tafuta kila uliyofunga kwa hasara, halafu angalia iliyofuata uliingia saa ngapi. Andika dakika zilizopita kati ya hizo mbili, na matokeo ya hiyo ya pili. Usimwonyeshe jirani yako. Kalamu na karatasi ziko kwenye kiti kile cha mlangoni, dada, naomba uzipitishe. Tuna dakika kumi, mimi nasubiri.